Lenzi Tatu na Kijicho Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Napenda kuutangazia umma — yaani mimi, kalamu hii, na nzi aliyetua dirishani — kwamba leo asubuhi Ukungu amenunua lenzi mpya. Bendera zishushwe nusu mlingoti. Shughuli zote zisimame. Watoto warudishwe makwao.

Ukungu ni mpiga picha wa upande wa pili wa barabara. Jina nilimpa mimi, tena kwa ubaya. Kila picha yake, mtu wa mbele anang'aa, nyuma yote ukungu mtupu. Nilidhani nimemtukana. Yeye kalichukua, kaliandika mlangoni kwa rangi ya dhahabu: STUDIO UKUNGU. Hata asante hakusema!

Lenzi yenyewe ni ya milimita hamsini, upenyo wa mwanga moja nukta mbili — namba ikipungua, mwanga unazidi. Kioo cha mbele kipana kama bakuli. Alivuka nayo barabara — eti "kaka, nimekuja kukusalimia tu." Mtu anayekuja kusalimia habebi lenzi kwa mikono miwili kama amebeba kichanga.

Mkaguzi akaomba aishike. Mkaguzi ni mke wangu. Mimi napiga picha, yeye yuko kwenye kompyuta, anazisafisha. Kila picha anaikuza mpaka jicho la mteja linajaa kioo kizima, halafu anatoa hukumu. "Jicho lipo." Au: "Jicho hakuna." Tangu tufungue studio hii sijawahi kukata rufaa nikashinda.

Aliigeuza ile lenzi taratibu, akachungulia ndani. Akasema, "Mmh."

"Mmh" ya namna ile mimi sijaipata tangu siku za uchumba.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe lenzi ilikuwa utangulizi!

Chai ya asubuhi. Mkaguzi anapaka mkate siagi, ananiambia kama anayesema habari za mvua: Ukungu anataka yeye Mkaguzi awe anakwenda kwake siku tatu kwa wiki. Kukagua, kusafisha, kuchagua. Atakuwa na meza yake, kompyuta yake, kiti kinachozunguka.

Nikamuuliza amejibu nini.

"Nimesema nitamjibu baada ya sherehe ya mama."

Nikasema sawa tu. Kisha nikaosha kikombe kilekile mpaka akaninyang'anya.

Sherehe yenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama mkwe anastaafu ukunga. Wanamuaga kwenye ukumbi wa hospitali, mpiga picha ni mimi, na picha moja itatundikwa kwenye korido ya wodi aliyofanyia kazi. Nusu ya mji huu imepitia mikononi mwake. Ukungu naye! Mama mkwe husema alipomtoa tu, alifumba jicho moja. Watu hucheka. Mimi hucheka kwa meno.

Baadaye, kwa sauti ya mtu asiyejali, nikauliza: kwani picha za Ukungu zina nini ambacho zangu hazina?

Mkaguzi hakufikiri hata kidogo. "Jicho. Zake nikikuza, jicho lipo. Zako, mara jicho, mara sikio, mara kola ya shati."

Nimeitazama lenzi yangu. Milimita hamsini, moja nukta nane. Naiita Kikombe, maana ni ndogo, nyepesi, na imechubuka ukingo. Ikitafuta fokasi inakoroma. Inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, kama mimi ninapotafuta miwani iliyo kichwani.

Kosa si langu, basi. Ni la Kikombe. Nanunua lenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Dukani. Muuzaji huyu tumefahamiana tangu enzi za filamu; amevaa miwani mbili, moja puani, moja kwenye paji la uso. Akaniwekea mbili mezani. Ya kwanza moja nukta nne, ya wastani, nene kidogo — nikaibatiza Sufuria. Ya pili moja nukta mbili. Bakuli! Ndugu yake wa tumbo moja na ile ya Ukungu.

Nikalishika Bakuli. Uzito wake tu unampa mtu heshima. Nikajiona kwenye kioo cha kabati: bega limepanda, kidevu kimepanda, tumbo halikupanda popote, lipo palepale.

Muuzaji akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Ukifungua upenyo wote, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno. Ukishika kope, mboni imeshakutoka. Mtu akipumua tu, imekutoka. Sufuria inafanya haraka na hairudiirudii. Bakuli linafika, lakini linafika kwa madaha, na halisamehe.

"Unataka ya kufanyia kazi au ya kumwonyesha mtu?"

"Ya kazi, bwana!"

"Basi chukua Sufuria."

"Na hili Bakuli je?"

"Si umesema ya kazi?"

Sikupenda jinsi alivyoshusha ile miwani ya juu kunitazama. Lakini ni muungwana. Kanipa zote mbili nizijaribu, nimrudishie moja Jumatatu ya tarehe kumi na saba.

Nimetembea nazo mpaka nyumbani nikipita mbele ya Studio Ukungu. Ndiyo, kuna njia fupi zaidi. Ndiyo, naijua.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya majaribio. Leo nimekuwa mwanasayansi.

Nimepanga betri mezani kwa mshazari, moja nyuma ya nyingine, na rula pembeni. Kamera kwenye stendi. Nalenga betri ya katikati, napiga, nakuza. Kikombe: betri ya mbele. Tena: ya nyuma. Tena: hakuna betri hata moja, kuna meza tu. Sufuria: katikati, katikati, katikati. Haina maneno. Inachosha kwa uaminifu wake. Bakuli: katikati — lakini lazima nitulie kama mgonjwa wa eksirei.

Mpaka hapo mtu mwenye akili zake angefunga mjadala. Sufuria.

Lakini ile picha ya Bakuli! Betri moja kali, na zile nyingine zimeyeyuka kama sabuni. Betri ya redio imetoka kama malkia. Ukungu akiwa na kitu kama hiki, mimi nibaki na sufuria?

Nikamwita Mkaguzi awe mfano. Akaja na viazi vyake, akakaa karibu na dirisha, akaendelea kumenya. Nikalenga jicho, nikashikilia, nikazungusha kamera kidogo ili dirisha lionekane, nikapiga. Tukakuza pamoja.

"Sikio zuri," akasema. "Nitalitundika."

Tena. "Sikio lilelile. Limekupenda."

Akaniambia nipige huku yeye ananitazama mimi. Akaona tatizo mara moja. Nikishalenga, ninapozungusha kamera, tumbo linanitangulia. Mwili wote unasogea mbele kiasi cha kidole. Kwa Kikombe haikuonekana sana. Kwa Bakuli kidole ni safari. "Usiyumbe, mzee. Simama. Acha kamera mahali pake, kile kiboksi cha kulengea kwenye kioo cha kamera kisogeze kwa kidole gumba mpaka kikae juu ya jicho. Halafu bonyeza."

Nikafanya hivyo. Nikapata jicho. Jicho lake la kushoto, lile lenye alama ndogo ya kahawia pembeni ya mboni — nilikuwa nimeisahau ile alama.

Nikamuuliza amejifunzia wapi mambo ya kiboksi.

"Kwa Ukungu," akasema. "Hupiga hivyo."

Viazi vilikuwa vitamu, nadhani. Sikuvisikia ladha.

Jumatano, 12 Machi

Ukungu kaja na kazi zake. Kakaa kwenye kiti CHANGU. Mkaguzi anakuza, yeye anainama kuona, vichwa viwili mbele ya kioo kimoja. Mimi nikaenda nyuma ya pazia kunyoosha karatasi nyeupe ya picha za pasipoti. Ile karatasi haijawahi kunyooshwa namna ile tangu itoke kiwandani.

Nimesikia hivi. Ukungu kasema dada, hakuna mtu anayeona kama wewe. Mkaguzi kasema acha maneno yako, futa hizi zote, hapa umelenga kifungo. Ukungu kasema unaona sasa, nani mwingine angeniambia! Wakacheka.

Kicheko kile cha Mkaguzi, cha mwisho kupanda juu, mimi hukipata nikianguka tu. Lazima nijikwae kwenye stendi, nibebe na taa. Huyu kakipata amekaa! Kwenye kiti changu!

Tuseme kweli: hana baya. Mpole. Ananiita kaka. Kaleta ndizi. Hilo ndilo linaloniuma roho — angekuwa mshenzi ningepumzika. Na shingo yake ni ndefu, hana tumbo, na anatabasamu hata anapong'olewa jino, nimeambiwa na daktari mwenyewe wa meno.

Nimezila ndizi zake zote kwa hasira.

Jioni muuzaji kapiga simu. Umeamua?

"Bakuli."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya jicho."

"Kijicho," akasema, akakata simu.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho. Betri zimejaa. Shati limepigwa pasi. Sufuria nimeiacha kabatini.

Mkaguzi ameuliza mbona nabeba lile zito. Nimesema mwanga wa ukumbi ni hafifu, upenyo mkubwa unahitajika, mambo ya kitaalamu.

"Ukumbi una madirisha ukuta mzima," kasema.

Nimesema panaweza kuwa na wingu.

Akanitazama kama anayetazama picha kabla hajaikuza. Kisha akasema jambo moja tu: "Mama amenunua gauni. Hajanunua gauni jipya tangu baba afariki. Mpige vizuri."

Nitampiga vizuri. Nitampiga mpaka Ukungu avuke barabara kuja kuuliza imekuwaje.

Jumamosi, 15 Machi

Sherehe imekwisha. Miguu imevimba. Mama mkwe alipendeza — gauni la samawati, maua mkononi, hotuba fupi, aliwaita wakubwa wa hospitali "wanangu" na wakanywea.

Ukungu alikuwepo. Mgeni wa kawaida, hakuja na kamera. Alikaa na Mkaguzi dirishani. Muda mrefu.

Sijatazama picha. Nimechoka. Kesho.

Jumapili, 16 Machi

Balaa! Balaa tupu!

Mama mkwe hayupo. Yaani yupo — gauni lipo, maua yapo, nywele nyeupe zipo — lakini vyote ni moshi. Picha baada ya picha, wingu la samawati limeshika wingu la maua. Zilizotoka vizuri ni za mwanzo: keki. Viti. Spika ya muziki, kali mpaka vumbi linahesabika.

Nimemwambia Mkaguzi palepale: lenzi mbovu! Inalenga nyuma! Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Nimempigia muuzaji, Jumapili, mtu yuko na wajukuu zake. Nimefoka. Bakuli lako ni bovu, limeniharibia kazi ya mkwe!

Akauliza kwa upole inalenga nyuma kiasi gani. Kidole? Kiganja?

Nikatazama. "Hatua nne."

Nikasikia mtoto akilia kwake.

"Kaka," akasema, "lenzi hailengi nyuma hatua nne. Hatua nne si kosa la lenzi. Hatua nne ni mtu."

Nimekata simu mimi, safari hii.

Kisha mama mkwe mwenyewe akapiga. Anataka kuona picha yake ya kwenye korido. Nimemwambia, Mama, kuna hitilafu kidogo, kifaa. Akasema pole mwanangu, vifaa ndivyo vilivyo, hata kitandani mwa uzazi mkasi unaweza kukukatalia. Nitakuja kesho nizione hivyohivyo.

Pole mwanangu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye stuli ya pasipoti, nyuma ya pazia. Mama mkwe yuko upande wa pili. Nasikia kijiko kikizunguka kwenye chai yake.

Kwa mpangilio, basi.

Asubuhi Mkaguzi alifungua picha za Jumamosi kwa ile programu iliyokuja na kamera. Sisi hatuitumii, ni nzito, inachelewa. Lakini ina jambo moja: inakuonyesha kiboksi cha kulengea kilikuwa wapi mpiga picha alipobonyeza. Kinatokea juu ya picha, chekundu. Sikujua. Naapa sikujua kama kamera inakumbuka.

Picha ya kwanza ya hotuba. Mama mkwe katikati, moshi. Kiboksi chekundu hakipo juu yake. Kipo nyuma yake, dirishani, juu ya uso wa Ukungu. Kimekaa barabara, kwenye jicho.

Ya pili: Ukungu. Ya maua: Ukungu. Ya kukata keki: Ukungu. Mama mkwe anakumbatiwa na wauguzi wenzake wanaolia — Ukungu. Mkaguzi alibonyeza moja moja, bila haraka. Nilitamani atoe hukumu. Hakutoa.

Niseme ukweli, Bakuli ni lenzi ya ajabu. Yule mtu ametoka kope moja moja. Hajawahi kupigwa picha nzuri kama zile maishani mwake, na atakayempiga tena hivyo hajazaliwa.

Hatimaye Mkaguzi akasema: "Lenzi nzima. Haina kosa."

Nikamuuliza — maana nilishazama, maji ya shingo na ya utosi ni yaleyale — nikamuuliza pale dirishani walikuwa wanazungumza nini.

"Nilikuwa nampa jibu lake."

"Jibu gani?"

Akasogeza kiti pembeni, akanipisha kwenye kioo. "Tazama. Picha unazo. Nilikuwa nimesimama palepale, ungeona usoni."

Nikakaa. Nikakuza. Mkaguzi yuko katika kila picha, ubavuni mwa Ukungu, nusu hatua mbele yake. Nusu hatua! Kwa Sufuria huenda angeonekana. Kwa Bakuli, nusu hatua ni nchi nyingine. Nimekuza mpaka uso wake umekuwa miraba. Kuna kitu kama mdomo. Umefunguka, au ni kivuli. Kuna kitu kama mkono umeinuliwa — anakataa? Anakubali? Anafukuza nzi? Nimehamia kwa Ukungu, nimsome yeye. Anatabasamu. Lakini yule hutabasamu hata aking'olewa jino!

"Sioni," nikasema.

"Ehee," akasema Mkaguzi.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Mkaguzi akainuka kwenda kumfungulia mama yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, si kwa hasira: "Nimwambie ni lenzi?"

Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, nikaingia nyuma ya pazia.

Sasa wamekaa kwenye kompyuta. Mama mkwe kacheka kuona keki. Kacheka kuona spika. Sasa anauliza, "Mbona mimi sionekani? Na huyu kijana wangu anafanya nini hapa kila mahali?"

"Subiri, mama," anasema Mkaguzi. "Mwenyewe anakuja kukueleza."

Naandika haraka, nipate pa kushika. Mambo yalivyokuwa kwa kweli ni haya.

Mama, lenzi haikulenga nyuma. Ulisimama mbele yangu na gauni lako, nikakuweka katikati ya fremu, na kiboksi kilikuwa juu yako. Nilikiona kikiwa juu yako. Kisha nikawaona dirishani, na nikakisogeza kwa kidole gumba. Si kwa bahati mbaya. Nilitaka nimwone Ukungu midomo, nijue anamwambia nini mke wangu. Nikabonyeza. Nikajiambia ni moja tu, narudi kwa mama. Ukaanza hotuba. Sijui ulisema nini, Mama. Yale ya "wanangu" nilisimuliwa na dereva wa hospitali wakati wa kurudi. Watu walipopiga makofi nami nilibonyeza, ionekane nipo kazini. Na hata dirishani sikumtazama mke wangu. Nilikuwa na uso wake hatua chache mbele yangu, mchana kweupe, na jibu lote likiwa limeandikwa humo, nami nikamtazama mtu mwingine ili nijue yeye anasema nini.

"Baba Watoto!" Mkaguzi anaita. "Mama anakusubiri."

Nakuja. Pazia hili limeshika kifungo cha shati, na chai nasikia wanamimina kikombe cha tatu, changu.